Risala ya Klabu ya Riadha kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Michezo ya Shule, Mbulu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama. Tunakushukuru na wewe, Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu na kwa kukaa nasi juani tangu asubuhi hadi fainali ya mita 1,500 ya wasichana ilipomalizika. Tumeliona hilo, na limetutia moyo sana.

Kwa kawaida risala ya siku kama ya leo hueleza idadi ya wanafunzi, upungufu wa madarasa na hali ya mabweni. Hayo Mkuu wa Shule ameyaeleza vizuri katika taarifa yake. Sisi wanariadha tumeomba ruhusa tuzungumzie timu ya Taifa, maana tunaifuatilia kwa karibu, na tunaamini kwamba mafanikio yake na upungufu wake vyote vinaanzia kwenye viwanja kama hiki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwezi Septemba mwaka 2025, askari wetu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), Alphonce Felix Simbu, alitwaa dhahabu ya marathon katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo. Hiyo ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Mwalimu wetu wa michezo alituonyesha mita za mwisho za mbio zile kwenye simu yake. Tukamwomba arudie, akarudia. Amanal Petros wa Ujerumani yuko mbele na utepe umeshakaribia. Simbu anatokea nyuma yake, anakaza, anajitupa kifua mbele, na Petros anaanguka chini. Wote wawili walipewa muda mmoja wa 2:09:48, na ilibidi picha ya kamera iamue kwamba Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03. Kilomita 42 za barabarani ziliamuliwa ndani ya uwanja wa riadha, kwa kasi ya mtu wa mbio fupi.

Tunaomba ulishike hilo la uwanja, Mgeni Rasmi, kwa sababu ndilo lililotuleta mbele yako.

Michezo ya Jumuiya ya Madola inafanyika Glasgow, Scotland, kuanzia tarehe 23 Julai hadi 2 Agosti 2026. Safari hii imepunguzwa, imebaki michezo 10 tu, na riadha yote itakuwa ndani ya uwanja. Marathon haimo. Kwa nchi nyingine huenda hilo ni badiliko dogo la ratiba, lakini kwa Tanzania ni jambo zito. Gidamis Shahanga alituletea dhahabu ya marathon kutoka Edmonton mwaka 1978. Juma Ikangaa alichukua fedha Brisbane mwaka 1982, nyuma ya Robert de Castella wa Australia. Francis Naali alitwaa dhahabu Manchester mwaka 2002, na Samson Ramadhani akafanya hivyo Melbourne mwaka 2006. Baada ya hapo ukaja ukame mrefu hadi Birmingham mwaka 2022.

Timu ya Birmingham inastahili heshima kuliko ilivyopewa. Ilirudi na medali tatu wakati Taifa lilikuwa halijaonja medali ya Madola kwa miaka 16. Simbu alikuwa wa pili kwenye marathon kwa 2:12:29, nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda na mbele ya Michael Githae wa Kenya, kwa hiyo jukwaa zima lilikuwa la Afrika Mashariki. Mabondia Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe wakaleta shaba mbili. Ngumi zimo Glasgow, na tunawaombea mabondia wetu kila la heri. Riadha ndiyo inayotupa mashaka, kwa sababu barabara tuliyoizoea haitakuwepo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hukohuko Birmingham, tarehe 6 Agosti 2022, lilitokea jambo jingine linalotuhusu, na hapa nyumbani lilipita kimyakimya. Oliver Hoare wa Australia alishinda mita 1,500 kwa 3:30.12 na kuvunja rekodi ya Michezo ya Madola. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mtanzania. Ilikuwa imedumu miaka 48.

Aliyeiweka ni Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, jirani zetu kabisa. Tarehe 2 Februari 1974, akiwa na umri wa miaka 20, aliingia fainali ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand. Siku zile wakimbiaji wengi wa mbio hizo walikuwa wakiviziana hadi mzunguko wa mwisho, ndipo wanafyatuka. Bayi hakumsubiri mtu. Bunduki ilipolia alikwenda mbele na kuwaachia wenzake pengo ambalo wengi waliamini litamponza. Mzunguko wa mwisho John Walker, kijana wa nyumbani, alianza kumsogelea huku uwanja mzima ukimshangilia. Bayi akaongeza mwendo, akamaliza kwa 3:32.16. Ilikuwa rekodi ya dunia. Walker naye, aliyekuwa wa pili, aliivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani iliyokuwepo tangu 1967, na Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu.

Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya dunia ya maili moja kwa 3:51.0. Tunaitaja maili kwa makusudi. Glasgow wameamua kuweka maili moja mahali pa mita 1,500. Mbio ambayo Mtanzania aliwahi kuikimbia kwa kasi kuliko binadamu wote inarudi kwenye Michezo ya Madola, na tungependa sana kuona jezi ya Tanzania kwenye mstari wake wa kuanzia.

Medali zetu za Olimpiki nazo zilipatikana uwanjani. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Michezo ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Miaka minne baadaye, Moscow 1980, Bayi alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza sehemu kubwa ya mbio hizo, na Bronisław Malinowski wa Poland akamkuta kwenye mzunguko wa mwisho. Suleiman Nyambui naye akapata fedha katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mpaka leo tunaposoma risala hii, Tanzania haina medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili. Zaidi ya miaka 40 imepita.

Wazee wetu wa Mbulu wakisikia habari za Olimpiki humtaja kwanza John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, kule Mexico City, alianguka na kuumia goti katikati ya marathon, akaendelea kukimbia na bandeji mguuni mpaka akamaliza usiku umeshaingia, wa mwisho kati ya waliomaliza, wakati wengine 18 walikuwa wamekata tamaa na kuacha. Sisi ni watoto wa ardhi ile ile na tunajivunia jina lake popote tunapokwenda. Hata hivyo, Mgeni Rasmi, Akhwari alikwenda Mexico kushindana. Alikuwa mkimbiaji hodari kabla ya kuanguka. Tukimkumbuka kwa kumaliza tu, tunampunja.

Sasa tuitazame Paris 2024. Tanzania ilipeleka wachezaji saba: waogeleaji wawili, mchezaji mmoja wa judo, na wanariadha wanne. Wanariadha wote wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, walikuwa wa marathon. Simbu alimaliza wa 17, na timu ilirudi bila medali. Katika siku zote za riadha ndani ya Stade de France, hakuna Mtanzania aliyeingia kwenye mita 800, wala 1,500, wala 5,000, wala kuruka viunzi na maji. Muda uliowekwa kwa wanaume kufuzu moja kwa moja mita 1,500 ulikuwa 3:33.50. Ule muda wa Bayi wa 1974, uliokimbiwa miaka 50 kabla, ungemfikisha Paris bila kuomba nafasi kwa mtu.

Hatusemi haya kuwalaumu waliokwenda. Walikwenda walioweza kufuzu, na walifuzu kwa jasho lao. Tunauliza wale wa uwanjani walipotelea wapi.

Jibu tunaloliona sisi, kwa macho yetu, ni hili. Siku hizi mbio za barabarani zimekuwa nyingi sana. Karibu kila mji una marathon yake, ina fulana, ina medali, na ina zawadi ya fedha taslimu kwa mshindi wa kilomita 21. Mashindano ya uwanjani ni machache, na zawadi yake mara nyingi ni cheti. Kijana wa miaka 17 mwenye mbio nzuri za mita 1,500 anaona mwenzake amerudi na fedha za kumlipia mdogo wake ada, naye anahamia kilomita 21. Mwili wake haujakomaa, kasi yake haijajengwa. Akifika miaka 22 ana magoti yanayouma, na ile kasi ambayo ingemsaidia baadaye hata kwenye marathon haipo tena. Tumeshawapoteza wenzetu kadhaa kwa namna hiyo, na hatuwezi kuwalaumu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na shida.

Nyambui na Shahanga hawakupita njia hiyo. Wote wawili walipata nafasi ya kusoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, wakakimbia uwanjani chini ya makocha, msimu hadi msimu. Shahanga aliyeshinda marathon Edmonton ndiye huyohuyo aliyeshinda mita 10,000 Brisbane. Kasi ya uwanjani haikumharibia marathon yake hata kidogo.

Kwa upande wetu hapa shuleni, uwanja uliouona leo tumeuchora wenyewe kwa majivu ya jikoni. Mvua ikinyesha usiku, mistari yote inafutika, na wanafunzi wa zamu wanarudia kazi alfajiri. Kona ile ya upande wa mikaratusi ina mtelemko, kwa hiyo anayekimbia njia ya kwanza anaivuka akiwa ameinama upande mmoja. Viunzi vyetu ni miti iliyofungwa kwa kamba za katani. Muda tunapima kwa simu ya mwalimu, na simu hiyo ikipigwa katikati ya mzunguko saa inasimama. Leo asubuhi imetokea kwenye nusu fainali ya mita 800, na wavulana wanane wakakubali kurudia mbio baada ya kupumzika, bila ugomvi. Raba zenye spaiki zipo jozi tatu kwa klabu yenye wanafunzi 46, nazo zinavaliwa kwa zamu na wale ambao miguu yao inaenea. Wengi wanakimbia pekupeku.

Pamoja na hali hiyo tumepeleka wanafunzi UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, na wawili kati yao ni wasichana wa mita 1,500. Wasichana hawa wana hadithi ya karibu ya kuwatia nguvu. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin Marathon kwa 2:18:41. Muda huo wameuandika kwa chaki juu ya mlango wa bweni lao, na matron ameamua usifutwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yafuatayo ndiyo maombi yetu.

Kubwa kuliko yote ni uwanja. Hatuombi tartani, ile sakafu ya mpira ya viwanja vya kisasa. Tunaomba greda la Halmashauri lifike hapa likiwa linapita kwenye matengenezo ya barabara, lisawazishe ile kona, na tuwekewe kifusi kizuri kisichotuama maji. Wazazi wameshakubali kuchangia nguvu kazi na mafuta, na Mwenyekiti wa Bodi analo daftari la ahadi zao.

Ombi la pili linahusu mbio za barabarani zinazofanyika wilayani kwetu. Hatutaki zifutwe, maana zinaleta watu na zinasaidia mambo mengi ya kijamii. Tunaomba waandaaji wake washauriwe kuweka siku moja ya mashindano ya uwanjani kwa walio chini ya miaka 20, kuanzia mita 800 hadi 5,000, na sehemu ya zawadi ya fedha iende huko, hata kama ni ada ya muhula mmoja inayolipwa shuleni moja kwa moja. Kijana mwenye uhakika wa ada hatakuwa na haraka ya kukimbilia kilomita 21.

Vilevile tunaomba mwalimu wetu wa michezo asaidiwe kuhudhuria kozi ya ukocha wa riadha. Ana moyo, anaamka saa kumi na moja alfajiri pamoja nasi, na mengi anajifunza mwenyewe kwa kusoma. Saa mbili za kupimia muda na jozi chache za raba zingetusaidia pia, lakini kama ni lazima kuchagua kimoja, tungechagua kozi ya mwalimu.

Tunafahamu kwamba mengine katika haya hayapo mikononi mwako peke yako. Lile la greda tunaamini lipo, na tungefurahi kupata jibu lake leo kabla hujatoka uwanjani, kwa sababu mvua za vuli zinakaribia na baada ya hapo udongo huu haushikiki.

Mwisho, Mgeni Rasmi, tunakuomba ukabidhi vikombe kwa washindi wa leo, ukianzia na wale wavulana wanane wa mita 800 waliorudia mbio zao.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa na wanafunzi wa Klabu ya Riadha.