Ijumaa mpaka Jumanne ni mbali sana kwa mtu aliyechoka na maisha

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na kama barua ni ndefu nivumilie sababu jambo lenyewe si la mistari miwili. Mimi ni mama wa Likoni, asubuhi nauza mahamri na mbaazi, na huu mwaka wa nne niko kwenye kikundi cha watu kumi na mmoja hapa mtaani tunaojitolea kukaa na watu waliozidiwa. Sisemi wagonjwa, nasema waliozidiwa, aliyefiwa, aliyeachishwa kazi, msichana aliyerudi Saudia na hataki kusema yaliyompata huko, kijana wa kubeti. Hatulipwi. Kaunsela mmoja alikuja kwa hisani yake akatufundisha siku tano, mengine tumejifunza kwa hao hao tunaokaa nao.

Nataka nieleze Ijumaa moja ya mwaka huu. Mwenyewe amenipa ruhusa bora nisimtaje.

Ilikuwa saa moja asubuhi hivi, mahamri yanakaribia kwisha, akaja kijana wa jirani akaketi hapo kibarazani. Hakuagiza kitu. Nikamwekea chai ya rangi, hakuigusa. Simu yake ilikuwa inatetemeka, anaitazama, anailaza kifudifudi, inatetemeka tena mpaka inatambaa yenyewe juu ya ubao inakaribia kuanguka, na yeye anairudisha kwa kidole kimoja. Nilihesabu mara nane. Walikuwa wale wa mikopo ya simu. Baadaye ndio nikajua alikopa huku akalipe kule, na pesa ya kwanza kabisa ilikwenda kwa kubeti, na sasa walikuwa wanawapigia mamake na bosi wake na kila waliyempata kwenye simu yake.

Zamani mimi ningemwambia jikaze, wewe mwanamume, muombe Mungu, kuna wenye shida kukushinda. Ndivyo tulivyolelewa, mtu akilia tunamwambia nyamaza, nyamaza, yatapita. Na tunasema kwa mapenzi, si kwa ubaya. Lakini jambo la kwanza yule kaunsela alilotuambia ni kwamba ukimwambia mtu nyamaza atanyamaza kweli, alafu atakwenda nalo peke yake. Kwa hivyo nilikaa tu. Niliosha sufuria ya mbaazi polepole, nikakaa ubavuni mwake, si mbele yake kama askari anayehoji, manake mtu husema vizuri akiwa hatazamwi machoni. Ikapita kama nusu saa. Akasema, "Mama, nimechoka." Nikamuuliza umechoka vipi baba. Akasema nimechoka tu. Na hapo ndipo lilipo lile swali ambalo watu wengi wanaliogopa, ata mimi mara yangu ya kwanza kuliuliza nilitetemeka mikono. Nikamuuliza, "Mwanangu, unafikiria kujiua?"

Watu wanadhani ukilitaja hilo neno umemtia mtu fikira ambayo hakuwa nayo. Si kweli. Watafiti wamelichunguza hili jambo miaka mingi na hawakuona kuwa kuuliza kunamsukuma mtu, na sisi wenyewe tumeona kwa macho, ukimuuliza kwa upole ni kama umemtua mzigo kichwani. Huyu alilia mpaka kanzu ikarowa, alafu akasema ndio, tangu Jumatano. Aliyonieleza baada ya hapo siyaandiki.

Tukapanda tuktuk mpaka hospitali. Tukaambiwa daktari wa mambo hayo huja Jumanne. Na hiyo ilikuwa Ijumaa saa tano. Aliyetwambia hakuwa mtu mbaya, alikuwa na foleni mpaka nje na alitutazama kwa huruma, akatuandikia kwenye kikaratasi "Jumanne saa mbili". Mamake alipofika, kabla ata ya kuketi, alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hawatamshika?" Alimaanisha polisi.

Mhariri, hapa naomba gazeti lako lisaidie sababu hofu hii nimeikuta nyumba nyingi sana. Ni kweli kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwa kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Ndio maana watu walikuwa wanaficha, mgonjwa anafika hospitali anasemwa ameanguka. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, kesi hiyo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwemo. Mawakili wanalijua hilo, sijui ni kina mama wangapi wa Likoni wanaolijua. Nilimwambia yule mama palepale kwenye kordo ya hospitali, alinitazama kama namdanganya ili apate nguvu.

Sasa Ijumaa mpaka Jumanne tufanyeje? Tulipiga simu kwenye grupu yetu tukagawana zamu. Mimi na mamake mchana. Usiku alikuja mwenzetu mmoja wa bodaboda, akatandika godoro lake kwa ndani pale mlangoni akalala hapo, na hakumwambia kijana maneno mengi, alimwambia tu nimekuja kulala kwako leo. Vitu ambavyo havikufaa kubaki ndani ya ile nyumba tulivitoa, na tulimwambia wazi kuwa tunavitoa na sababu yake, hatukufanya kwa siri manake siri ndio ilimfikisha pale. Jumamosi alikuja mzee wetu wa nyavu. Huyu mzee kazi yake ni kushona nyavu za wavuvi, na mimi mwanzoni nilikuwa nawaza yeye mbona hasemi kitu, ataweza vipi kazi hii. Alikuja na nyavu begani, akaketi chini, akamwambia kijana "nishikie hapa". Basi. Mwenzake kashika upande mmoja, yeye anashona upande wa pili, wanasogea pole pole kufuata tundu, kutoka baada ya alasiri mpaka maghribi. Mimi nilikuwa jikoni nasikia kimya, alafu nasikia kijana anasema kitu, alafu kimya. Mpaka leo sikuuliza walisema nini.

Jumapili alikuja mwalimu. Alileta daftari la shule, akamwambia hebu tuandike madeni yote, moja moja, jina na pesa. Walipojumlisha ilikuwa elfu thelathini na nane na mia nne. Kijana alikuwa anadhani ni laki na zaidi, alirudia kuhesabu mara mbili. Simaanishi kuwa deni lilikwisha, ata leo bado analipa. Namaanisha kuwa kwa siku nyingi alikuwa peke yake usiku na hesabu ambayo hakuna aliyemsaidia kuitia kwenye karatasi.

Jumanne daktari alimuona. Alikuwa daktari mzuri, alimsikiliza, akampa dawa na tarehe ya kurudi.

Zile siku nne, kwa nauli, chakula, kredo na siku mbili ambazo mwenzetu wa boda hakubeba abiria, zilitugharimu shilingi 4,650. Tulichanga wenyewe. Silalamiki kwa ajili ya pesa, najua kuna watu watasoma hapa waseme hawa wanataka posho. Nataka watu waelewe tu kwamba kujitolea si bure, kuna mtu analipa, na anayelipa ni bodaboda na muuza mahamri.

Watu wa kwetu kukaa na aliyefikwa tunajua sana. Nilikuwa msichana mdogo wakati feri ilipopinduka Mtongwe, 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa asubuhi moja. Mamangu mdogo alimpoteza mumewe. Nakumbuka nyumba ilivyojaa, mikeka mpaka uani, sufuria za wali, watu wanaingia na kutoka siku tatu, alafu khitma, alafu arubaini. Na baada ya arubaini nakumbuka mikeka ilivyokunjwa. Alibaki na ule upande wa kitanda ambao hakuna anayelala, na hakuna aliyekuja kumuuliza kitu tena, sababu kwa desturi msiba ulikuwa umekwisha. Yeye ndiye alinifanya nijiunge na kikundi hiki, ingawa nilichelewa, alikuwa ameshafariki. Kwa mwenye jeneza tunajaa. Kwa mtu ambaye msiba wake hauna jeneza, wa deni, wa ndoa, wa kurudi Ghuba mikono mitupu, mkeka hautandikwi kabisa.

Na watu wasidhani hii ni kazi ya wazungu wenye ofisi. Kule Uingereza kweli ilianza 1953, kasisi mmoja wa London anaitwa Chad Varah aliweka simu kanisani kwake ili mtu anayetaka kujiua apate wa kuongea naye. Wakawa wengi, wanangoja foleni, na kulikuwa na watu wa kujitolea waliokuja kuwapikia chai wanaongoja. Akagundua wengi wakishakaa na wale wa chai wanaondoka zao, hawana haja tena ya kumuona yeye. Mwaka uliofuata akawaachia wao kazi ya kusikiliza, na ndio hao Samaritans mpaka leo.

Lakini mimi napenda zaidi kazi ya kule Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Harare, alipoteza mgonjwa aliyejiua sababu familia haikuwa na nauli ya basi ya kumrudisha hospitali. Nauli tu. 2006 akaanza na kina nyanya kumi na wanne mtaa wa Mbare, akawafundisha, kila mmoja anakaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, na anayekuja anaketi ubavuni mwake. Hawatumii maneno ya vitabuni, wanasema kufungisisa, kwa Kishona ni kufikiri kupita kiasi, na sisi hapa tunasema fulani ana mawazo, si ni kitu kimoja? 2016 utafiti wao ukachapishwa kwenye jarida kubwa la madaktari la Marekani, watu 573, na baada ya miezi sita waliokaa na kina nyanya walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Kina nyanya, benchi, na mafunzo. Mombasa tunakosa kipi hapo? Kina nyanya tunao na mabaraza tumekaa nayo tangu dahari.

Tunachokosa naona ni vitu vitatu na si vikubwa. Mafunzo yasiwe ya siku tano alafu kwaheri. Wale wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchi nzima, waliozinduliwa rasmi Septemba 2023, wanapita nyumba kwa nyumba na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari, na wanafanya kazi nzuri sana. Naomba kaunti iwafundishe na lile swali pia, sababu wao ndio wanaofika mpaka chumbani, mlangoni mwa mtu ambaye hatakuja hospitali maisha yake yote. Pili, hizo siku za daktari wa akili ziongezwe, na palipo na Jumanne moja pawe basi na kaunsela wa kila siku. Na la tatu linaniuma zaidi. Mwenzetu mmoja alikaa na mama fulani miezi mitano, na yule mama mwishowe tukampoteza. Mwenzetu alikuja kikaoni wiki ile, akaweka kitabu chake cha zamu mezani, akasema mimi siwezi tena, na hatukujua la kumwambia, sisi tunaojiita wasikilizaji. Alijiona yeye ndiye mwenye kosa. Hakuwa na kosa lolote. Laiti kungekuwa na mtu wa kumsikiliza yeye, aliyesomea, ata mara moja kwa mwezi, nadhani tungekuwa naye bado kikundini. Anayesikiliza naye anajaa.

Kwa anayesoma hapa na yuko pale kijana wetu alipokuwa Jumatano ile, usingoje siku ya daktari. Namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199, ni bure kupiga, na ya watoto ni 116. Nimeziandika kwa chaki kwenye ubao wa bei, chini ya bei ya mbaazi, na kuna watu wanazipiga picha wakidhani siwaoni.

Kijana amerudi kazini, siku nyengine anakuja asubuhi siku nyengine haji, asipokuja nampigia. Fundi seremala wa mtaa wetu ameshasema atatengeneza benchi bure, mbao amezitenga, ni za mvule. Dispensari tumeiendea mara mbili kuomba nafasi chini ya mwarobaini ulio karibu na geti tukaambiwa tulete barua kutoka juu. Nawaomba wahusika wa afya wa kaunti wakisoma hapa watupe hiyo barua.

Mama wa mahamri,
Likoni, Mombasa