Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari wa Gambia: redio isizimwe kwa amri ya polisi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mwanza, ambako kazi yangu ni kusoma magazeti redioni. Saa kumi na moja alfajiri napiga mistari kwa kalamu nyekundu chini ya habari za pamba na za maji; saa moja kasoro wavuvi wa mwaloni wameshazisikia, na gazeti lenyewe bado halijawafika. Ndiyo maana kisa cha Taranga FM hakinitoki moyoni.

Redio ile ya Sinchu Alhagie, huko kwenu Gambia, ilichukua magazeti yenu ya Kiingereza ikayasoma kwa lugha za wenyeji. Basi, kosa lake ndilo hilo. Habari zilizokwisha kuchapishwa ziligeuka hatari mara tu zilipotamkwa kwa lugha anayoijua mama wa sokoni. Mwaka 2011, enzi ya Rais Yahya Jammeh, maofisa wa usalama wakaifunga. Julai 2015 mkurugenzi wake, Alagie Abdoulie Ceesay, akakamatwa, akateswa, akashtakiwa kwa uchochezi. Aprili 2016 akatoroka hospitalini akiwa mahabusu, akakimbilia Senegal. Januari 2017, Jammeh aking'ang'ania kiti baada ya kushindwa uchaguzi na Adama Barrow, Taranga ikazimwa tena.

Kwa hiyo serikali yenu inajua vizuri redio huzimwa na nani, na kwa nini. Mbona basi Januari 2020, baada ya maandamano ya Three Years Jotna, vuguvugu lililomtaka Rais Barrow ang'atuke baada ya miaka mitatu, King FM na Home Digital FM nazo zilifungwa, polisi wakidai zimetangaza uchochezi? Zilifunguliwa baadaye, nakubali. Lakini mtangazaji aliyewahi kukuta mlango wa studio umefungwa na askari hasomi tena kama zamani. Akifika kwenye habari nzito anakohoa, anageuza ukurasa.

Ombi langu ni moja, Mheshimiwa. Peleka bungeni sheria inayosema kituo cha redio hakifungwi ila kwa amri ya mahakama, baada ya wenye kituo kusikilizwa. Na neno "uchochezi" lifutwe katika sheria zenu. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliwaagiza kufuta au kurekebisha vifungu vya uchochezi tangu Februari 2018.

Taranga haikutunga hata habari moja kati ya zile. Ilizisoma tu, kama nitakavyosoma mimi kesho alfajiri.

Wako katika kazi,
Msoma magazeti, Mwanza