Wahesabuni wakimbiaji wa mlimani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na ndugu zetu wanaoandaa mbio za milimani hapa Kigoma.

Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, ukitoka nje alfajiri hapa Mwanga hukosi kupishana na vijana wanaokimbia. Nafurahi mno. Wengine sasa wameiacha lami na kupanda vilima vya upande wa Kalinzi, na sioni kwa nini wasipande, maana milima tunayo. Nkungwe, kule Mahale, una mita 2,462. Ukianzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambao wenyewe uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda karibu mita 1,700. Watongwe wanauheshimu mlima ule tangu enzi za mababu.

Ninachohofia ni maandalizi. Kiangazi kilichopita mpwa wangu alishiriki mbio za vilimani. Tangazo lilisema kilomita 15, basi, mwinuko haukutajwa. Waliachiwa saa nne asubuhi, jua limeshawaka, na maji yaliwekwa sehemu moja tu. Saa nane zawadi zikagawiwa, muziki ukazimwa, turubai likakunjwa. Mpwa wangu alikuwa bado huko juu, ameketi chini ya mti, mapaja yamekaza hata kusimama hawezi. Aliyemkuta ni mama mmoja aliyekuwa akishuka na dumu la mawese kichwani. Waandaaji hawakuwa na orodha ya nani karudi na nani bado.

Mlima haupimwi kwa kilomita peke yake. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mtembeaji, mwinuko wa Nkungwe pekee ni karibu saa tatu, umbali bado hujauhesabu. Na kushuka, ambako wengi hudhani ndiko kupumzika, ndiko kunakoumiza mapaja zaidi, kwa sababu msuli unavutika huku umebeba uzito wote wa mwili. Maji nayo yana mambo yake. Kuyakosa ni hatari, lakini kuyanywa kupita kiasi kwa saa nyingi hushusha chumvi kwenye damu, na mtu anaweza kufa. Vijana wafundishwe hayo kabla ya kupewa namba.

Kule Chamonix, Ufaransa, mbio za kuzunguka Mont Blanc zilianza mwaka 2003: kilomita 170 hivi, na mwinuko wa karibu mita 10,000. Kila mkimbiaji, awe bingwa au wa mwisho, analazimika kubeba taa mbili, filimbi na maji lita moja. Filimbi! Mpwa wangu angekuwa nayo angesikika.

Kwa hiyo nawaomba: tangazo litaje mwinuko. Mbio zianze mara tu kukipambazuka. Kileleni awepo mtu wa kuandika namba za wanaopita, na wawili watembee nyuma ya wote. Turubai lisikunjwe mpaka namba ya mwisho irudi.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma