Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sanamu za Kale Zilizosubiwa Upya

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu iliziweka kando mada nyingine ikashika moja tu: sanamu za shaba nyeusi zilizosubiwa karne nyingi baada ya sanamu za kale za Ugiriki na Roma, kwa kalibu (maumbo ya kumiminia madini yaliyoyeyushwa) zilizochukuliwa kwenye sanamu zenyewe.

Tulianzia Ufaransa. Mwaka 1540 Mfalme François wa Kwanza alimtuma msanii Primaticcio kwenda Roma akachukue kalibu za jasi za sanamu mashuhuri, zikiwamo Laocoön, kuhani wa Troya anayeshambuliwa na nyoka, na mungu Apollo, yaani Apollo wa Belvedere; baadaye sanamu hizo zikasubiwa kwa shaba kwenye kasri la Fontainebleau. Apollo huyo alitumalizia vikao viwili. Wataalamu wengi huamini kwamba sanamu hiyo ya marumaru ni kazi ya Kirumi iliyoiga shaba ya Kigiriki iliyopotea. Ikiwa ndivyo, mafundi wa mfalme waliirudisha kwenye madini yake ya awali, pengine bila wao kujua. Kwa hakika mimi nasita sasa kuiita shaba hiyo ya Fontainebleau nakala na kuishia hapo.

Sanamu za kasri la Versailles tulizipitia kwa haraka, kwani nyoyo zetu zilikuwa Naples, kwenye kiwanda cha Chiurazzi kilichoanzishwa mwaka 1870. Kiwanda hicho kilisubu upya shaba za Herculaneum, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvio mwaka 79, na baadhi ya kazi zake zimo leo katika bustani za jumba la makumbusho la Getty Villa karibu na Malibu, Marekani. Mteja aliweza hata kuagiza rangi, kwa mfano ukijani wa Pompeii au weusi wa Herculaneum. Mwenzetu mmoja, aliyeniruhusu nilisimulie hili, aliuamini ukijani huo akaandika “ya kale” kwenye kadi ya maelezo ya sanamu yake. Muhuri wa kiwanda nyuma ya kitako ndio uliomtoa tongotongo.

Kwa sababu hiyo kamati inapendekeza kila kadi yetu itaje sanamu iliyochukuliwa kalibu, kiwanda kilichoisubu na mwaka wa kusubiwa. Wajumbe wawili wanapinga, wakisema mwaka mara nyingi haujulikani. Hoja yao ni nzito, nami nashauri nafasi hiyo iachwe wazi badala ya kubahatisha. Mtalipigia kura suala hili baada ya mweka hazina kusoma mahesabu.