Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama chetu cha Walimu wa Fizikia

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: semina mbili za vitendo, ziara katika maabara za shule tatu, utunzi wa moko (mtihani wa majaribio) ya kidato cha nne na rambirambi kwa wenzetu waliofiwa. Sitawachosha nazo.

Nizungumzie swali la 9 la moko hiyo, ambalo limesemwa sana kwenye kundi la WhatsApp, kwamba liko nje ya mtaala, lilichapwa vibaya na lilipitishwa bila akidi, ilhali mezani kwangu haijafika barua hata moja.

Taa imewekwa chini ya tangi la maji. Miale inayofika juu kwa pembe inayozidi nyuzi 48.8 kutoka mstari wima haitoki, inaakisiwa yote kurudi ndani. Sasa juu ya maji yanamwagwa mafuta ya alizeti. Je, miale hiyo itatoka? Watahiniwa wengi walijibu ndiyo. Waliona namba ya kupinda mwanga ni 1.33 kwa maji na 1.47 kwa mafuta, mwanga hauzuiwi kuingia kwenye mafuta, wakafunga hesabu. Hawakuufuata mwale hadi juu. Ule wa nyuzi 48.8 ukiingia kwenye mafuta unapinda hadi 42.9, na hiyo ndiyo pembe ya ukomo kati ya mafuta na hewa, yaani ikizidi hapo mwanga hautoki. Uliozuiwa na maji, mafuta nayo hayautoi.

Mnasema swali liko nje ya mtaala. Kanuni ya Snell, ile ya mwanga kupinda ukitoka kitu kimoja kuingia kingine, imetoka kwenye mtaala lini? Tumezoea kipande cha kioo na pini nne, mtoto anakariri hatua kama wimbo wa taifa.

Ni kweli karatasi ilichapwa 1.74 badala ya 1.47. Kosa hilo nililiona mimi, asubuhi ya mtihani, wala si hao wanaojisifu leo. Lakini pigeni hesabu: pembe ndani ya mafuta inakuwa 35.1, na pembe ya ukomo nayo inakuwa hiyo hiyo, kwa hiyo jibu la mwisho halitikisiki, maana namba ya mafuta inajifuta yenyewe. Hakuna mtoto aliyeonewa.

Kuhusu kupitisha swali bila akidi, nawauliza akidi ingetoka wapi? Kikao cha Machi tuliita watu 58, wakaja 11, na wawili wakaondoka mara baada ya chai. Siku hiyo nilileta bakuli la kioo, leza na lita moja ya mafuta niliyonunua kwa fedha yangu (risiti anayo mweka hazina, sijarudishiwa). Tulitia matone ya maziwa kwenye maji ili mstari uonekane. Waliokuwapo waliuona ule wekundu ukipanda, ukaingia kwenye mafuta, ukageuka na kurudi chini. Wasiokuwapo ndio wenye maneno mengi.

Ada: waliolipa ni 19, jumla shilingi 380,000. Karatasi za moko, chai na nauli zimekula 465,000. Deni la 85,000 liko dukani kwa mchapaji, na anayepigiwa simu ni mimi.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuanzisha benki ya maswali magumu ya mwanga, pengine na lenzi, pengine na vifaa, kadiri hali itakavyoruhusu. Swali la 9 litakuwamo. Mwenye lililo bora alilete likiwa limeandikwa, pamoja na ada yake.

Mwenyekiti