Mwanangu, ingia pale Archives

Khadija mwanangu, marahaba. Huku Lamu wote wazima alhamdulillahi, kusi imeanza na boti za Mokowe zinarusha maji mpaka watu wanafika wamelowa chapachapa. Bibi yako anakusalimu sana. Umeniuliza kwenye WhatsApp ati baba ulikuwa unafanya nini pale Archives, ile nyumba ya nyaraka za taifa, siku nzima, na siku ile tulivyoonana hukunipa nafasi, mtihani mtihani, basi kaa sasa usome manake hii si ya kujibu kwa maneno mawili.

Kwanza lile shamba la Mkunumbi sikulipata, hilo tulimalize. Wakoloni walitoa sheria ya hatimiliki mwaka 1908, kila mwenye ardhi huku mwambao alete madai yake na ile isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali, sasa fikiria mtu yuko bara huko na ufuta wake, nani wa kwenda kumwambia? Mimi nilidhani nitakuta jina la mzee wetu kwenye karatasi nije niwanyamazishe watu, halikuwepo, au lipo faili nyengine, Mungu ndiye ajuae. Lakini niliyoyakuta mengine yalinifanya nisahau kula.

Wewe lile jumba unalijua kwa nje tu. Nyinyi watoto wa Nairobi ni "tukutane Archives", mnasimama pale mmekumbatia mikoba kwa kuogopa vibaka, mwenzako akifika huyooo matatu. Zamani lilikuwa benki, Bank of India. Ukiingia, chini kuna vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, yule aliyekuwa makamu wa rais 1966, vinyago na mapambo na stempu, vizuri mno lakini usikwame hapo, wewe uliza chumba cha kusomea. Unajiandikisha, unalipa ada ndogo, mkoba unauacha, unaingia na penseli na daftari. Unatafuta kwenye katalogi, unaandika namba ya faili kwenye karatasi unampa mhudumu halafu unangoja. Faili ikija ifungue kwa adabu, zile karatasi za taipureta ni nyembamba kama ganda la kitunguu na penye pini zimeshaliwa na kutu.

Kuna ripoti za mwaka za DC, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni, hizo ndo watu wengi husoma. Mimi nilizopenda ni zile za makabidhiano. DC akihamishwa alikuwa anamwandikia yule anayekuja, anamwambia huku liwali ni mtu wa namna hii, kadhi ni wa namna hii, mzee fulani jihadhari naye anapenda malalamiko, wallahi ni umbea mtupu, umbea wa serikali wenye namba ya faili! Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka mtu wa meza ya pili akaniangalia. Halafu unasoma kwamba watu wa mwambao ni wavivu, hawapendi kazi, na ukifunua mbele huyo huyo bwana anahesabu korija za boriti, ile miti ya mikoko, zilizosafirishwa kwa majahazi. Sasa zilikatwa na nani, majini?

Hapo kwenye boriti nilikaa sana kwa sababu ya babu yako. Wewe hukuikuta ile biashara, kupeleka nje kulipigwa marufuku 1982, lakini majahazi ya Arabuni yalikuwa yakija na kaskazi, yameleta tende na chumvi, yanangoja kusi yarudi na boriti za kuezekea nyumba za huko ambako hakuna miti. Babu alikuwa akijua kwa kupapasa tu, hii fito, hii pau, hii mazio, hii boriti yenyewe, hii nguzo, hii banaa, hata usiku hakosei. Korija moja ni miti ishirini. Kwenye ripoti utaona korija ngapi, ushuru kiasi gani, basi. Mbu hamna mle, matope ya kiunoni hamna, na wale waliolala juu ya mashua vichakani wakingojea maji yajae watoke na mzigo nao hamna. Ndo maana nakwambia ukisoma zile faili soma na simu karibu unipigie, ukiona namba mimi nitakwambia nyuma yake kulikuwa na nini, na nisichokijua mimi bibi yako anakijua, bado akili yake iko timamu mashallah, lakini ana umri, tusijidanganye.

Sasa hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Katikati ya hizo karatasi za Kiingereza nikakuta barua ya Kiswahili kwa hati za kiarabu, imeandikwa kwa wino mweusi ule uliogeuka hudhurungi, mwandiko wa mtu aliyesoma chuo akasoma haswa. Mama mmoja analalamika juu ya ukuta. Ukuta tu! Jirani amejenga ameziba njia ya maji, anamwomba bwana mkubwa amuamrishe abomoe, na kabla ya kufika kwenye ukuta ameshusha salamu na dua nusu ukurasa. Niliisoma kama nasoma barua ya shangazi yako. Pale karibu yangu alikuwa kijana wa chuo kikuu ana laptopu, anatafuta mambo ya mwambao huu huu, ananiuliza mzee hiyo umeisomaje, mimi zikitokea hizo huwa napita. Anapita! Mwanafunzi wa shahada ya juu! Nikamsomea zake nyengine alizozipiga picha, akawa anaandika mbio.

Nikakufikiria wewe. Umekhitimu Qur'ani hapa hapa Langoni, herufi zote unazo, hizi za Kiswahili zina vijambo vyake vya kuzoea lakini ukishazoea zinateleza. Kina mzee Muhamadi Kijuma, alikuwa wetu huyu, wa Lamu, alizaliwa 1855 akafa 1945, Wazungu walikuwa wakimtafuta awanakilie tendi kwa mkono wake, na leo ukitaka kuuona huo mkono uende London au Ujerumani. Na makaratasi ya enzi ya Sultani ni Unguja. Na 2011 kwenye ile kesi ya wazee wa Mau Mau serikali ya Uingereza ikakubali kwamba ilibeba mafaili kutoka koloni zake wakati wa uhuru ikayaficha miaka yote hiyo, ya Kenya yamo. Yaani sisi historia yetu ni ya kuombea viza. Kwa hivyo yale ambayo yapo hapo, umbali wa matatu moja kutoka hosteli yako, yanangoja nini?

Mau Mau wenyewe nao tuna sehemu yao huku, ulikuwa unajua? Hao watalii wanaoshuka ndege Manda hawajui, na vijana wetu wa boti hawawaambii kwa sababu nao hawajui. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952 kisiwa cha Manda kiliwekwa kambi ya wafungwa wa siasa, pale Takwa, pale pale watu wa Shela wanapokwenda kuzuru lile kaburi la mnara wakaomba mvua. Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa Kikuyu, alifungwa hapo na akawa anaandika shajara yake kwa siri. Mtu wa Mlima Kenya umtupe kwenye mikoko na joto la huku, hajui kuogelea, lugha si yake. Tafuta faili zozote za kambi hiyo, mimi muda uliniishia.

La mwisho nakwambia wewe, si la kusomea watu. 1907 utumwa ulipigwa marufuku huku mwambao, na serikali ikalipa fidia, na fidia ilikwenda kwa mabwana, si kwa waliotumikishwa. Ukifukua mambo ya miaka ile utakutana na majina. Ya waliomiliki na ya waliomilikiwa, na mengine ni ya nyumba unazopita ukasalimia. Unaijua Lamu, hapa posa inaweza kuvunjika kwa neno moja la asili ya mtu, na kuna watu wazima na kanzu zao wakipata karatasi kama hiyo watafurahi kuliko wakipata dhahabu. Mimi sisemi yafichwe, hapana, wale watu walikata boriti na kulima na kujenga hizi nyumba za mawe mnazopigia picha, haki yao wajulikane. Lakini wewe usipige picha ukatupa kwenye grupu ya ukoo. Andika kwenye daftari, nipigie, tukae na wenyewe wanaohusika kwanza, kwa heshima, wakitaka kuambiwa waambiwe, na asiyetaka muache na lake.

Basi fanya hivi. Jumatatu kama huna darasa nenda mapema kabla watu hawajajaa, beba kitambulisho na penseli mbili. Namba ya ile faili ya ukuta nimekutumia kwa meseji. Inakili kwanza vile vile kwa hati za kiarabu, mstari kwa mstari, usirekebishe hata pale unapoona amekosea, halafu chini yake andika kwa herufi za kawaida. Mbele ya ile barua karatasi zilikuwa zinaendelea na sikujua kama ukuta ulibomolewa au vipi, bibi yako kila siku ananiuliza huyo mama alipata haki yake au hakupata, sina la kumjibu. Pesa ya matatu na ya kopi nimekutumia M-Pesa, na najua umeshaziona. Ni za kopi, Khadija, si za chipsi.

Babako