Twain hakuzungumza na mtu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako la wiki iliyopita lilibeba kichwa cha habari kwamba wanasayansi "wamezungumza na nyangumi". Mimi ni mtu wa boti hapa Kizimkazi, na tangu siku hiyo vijana wa gatini wananiuliza kama nami nimewahi kumpa nyangumi shikamoo akaitikia marahaba. Naomba nafasi nisahihishe.

Tukio lenyewe ni la Agosti 2021, kusini-mashariki mwa Alaska. Brenda McCowan wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzake walishusha spika majini wakapiga mlio mmoja tu, ule ambao nyangumi wa nundu huutoa kuwaita wenzake. Jike mmoja, waliyemwita Twain, akaisogelea boti na kuizunguka. Kwa dakika kama 20 mlio ulipigwa mara 36, naye akawa anajibu, tena kwa kufuata mwendo: wakikawia, anakawia, wakiharakisha, anaharakisha. Si jambo dogo, wala silibezi. Ila mlio huo ulirekodiwa siku moja kabla, katika kundi ambalo Twain mwenyewe alikuwemo, na watafiti hawakuficha kwamba huenda ilikuwa sauti yake. Mtu akikupigia hodi mlangoni kwa sauti yako mwenyewe, ukaitika, mmezungumza nini? Mwishowe alijiondokea zake.

Halafu mwandishi wako amechanganya mlio na wimbo. Twain hakuimba. Wanaoimba ni madume, na zaidi huimba kwenye maji ya joto wanakokwenda kuzaliana. Roger Payne na Scott McVay walionyesha mwaka 1971 kwamba sauti hizo zina mpangilio: vipande vidogo hujenga kirai, virai hujirudia vikawa kama ubeti, na beti hufuatana kwa utaratibu. Wimbo mmoja waweza kufika nusu saa, kisha mwimbaji anauanza upya, saa baada ya saa. Madume wa eneo moja huimba wimbo ule ule, nao hubadilika kidogo kidogo. Mara nyingine hubadilika kwa kishindo. Mwaka 1996, mashariki mwa Australia, madume wawili kati ya 82 waliorekodiwa walikuwa wakiimba wimbo wa upande wa magharibi. Kufikia 1998 ule wa zamani umetupwa, wote wanaimba wa wageni. Aliyewahi kuona wimbo mpya wa taarabu ukitoka mjini na kufagia harusi zote za shamba hahitaji kuelezwa zaidi.

Na hapa ndipo ninapolalamika hasa. Kwa nini mwandishi aende Alaska wakati habari iko mlangoni? Dume mmoja aliyepigwa picha Colombia mwaka 2013 alionekana tena mwaka 2022 katika mlango bahari wa Zanzibar, umbali wa zaidi ya kilomita 13,000. Alitambuliwa kwa alama za chini ya mkia wake. Ni dume, kwa hiyo huenda ni mwimbaji. Je, alituletea wimbo wa Colombia, au aliuacha njiani akajifunza wa huku? Swali hilo angewapelekea watu wenye maikrofoni za majini.

Awaulize pia kuhusu kelele. Mwaka 2024 watafiti waliochunguza koo za nyangumi wa aina hii walieleza kwamba sauti wanazotoa kwa koo zina unene ule ule wa mngurumo wa meli, na kwamba koo hilo halifanyi kazi kwenye kina kikubwa. Yaani hawana pa kukimbilia. Nasi tunaopeleka watalii tumo: boti nne, tano, zote mashine zinawaka, zimemzunguka mama na mtoto. Nimefanya hivyo mwenyewe, mgeni akitaka picha.

Mwandishi wako akipenda, aje Agosti. Nitazima mashine tukifika nje ya mwamba, azamishe masikio majini.

Mtu wa boti,
Kizimkazi, Unguja